Homoni ya Sita

Katika miaka zaidi ya thelathini niliyoshika chaki nimesahihisha karatasi za mitihani zisizo na idadi. Karibu zote nimezisahau. Iko moja ambayo sijaisahau, na kwa ajili yake naiandika sura hii.

Mwaka ulikuwa 1983. Nilikuwa mkufunzi wa sayansi katika chuo kimoja cha ualimu, nikiwafundisha wanachuo wa Daraja la A ambao muda si mrefu wangepelekwa kufundisha shule za msingi vijijini. Katika mtihani wa muhula niliweka swali ambalo wakufunzi wengi wa wakati ule walilipenda: Taja homoni tano za mimea na ueleze kazi ya kila moja. Jibu lake lilikuwa linajulikana. Auksini, jiberelini, sitokinini, ethilini na asidi absisiki. Binti mmoja, mzaliwa wa bonde la Kilombero kama mimi, alizitaja zote tano bila kosa, kisha akaongeza kwa mwandiko mdogo chini yake: "Huenda zipo na nyingine za jamii ya protini, kama insulini kwa mnyama, ila bado hazijapatikana."

Nilipiga mstari mwekundu juu ya sentensi ile. Pembeni nikaandika, "Jibu ulichoulizwa," nikakata alama moja.

Siku ya pili alikuja ofisini. Akaniamkia, nikamwitikia, akasema, "Mwalimu, naomba kuelezwa kosa langu." Nikamwambia, "Mnyama ana damu ya kubebea hiyo insulini. Mmea hauna damu. Protini yako itasafiri kwa basi?" Wakufunzi wenzangu waliokuwamo ofisini waliangua kicheko. Yule binti alichukua karatasi yake, akasema, "Asante, Mwalimu," akatoka.

Leo nina umri wa miaka sabini na kitu, nimestaafu baada ya kufikia ngazi ya mkuu wa chuo, na najua kwamba yule binti alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mmea mmojawapo uliothibitisha ukweli wake ni mpunga, mmea uliotulea sote wawili. Ndugu msomaji, niruhusu nikueleze historia ya jambo hili kwa utaratibu, kwani ndani yake mna somo kwa kila aliyewahi kusimama mbele ya darasa.

Tuanze na neno lenyewe. Mwaka 1902 wanasayansi wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kwamba utumbo wa mnyama hutoa kitu kinachoingia katika damu na kwenda kuliamuru kongosho limwage maji yake ya kuyeyushia chakula. Kitu hicho wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling akaanza kulitumia neno homoni, lenye asili ya Kigiriki, kwa maana ya kitu kinachoamsha. Sasa, sekretini ni nini? Ni peptidi. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande viitwavyo asidi amino, kama shanga zilizotungwa katika uzi; peptidi ni mnyororo mfupi wa shanga hizo hizo. Kwa hiyo homoni ya kwanza kabisa kupewa jina hilo duniani ilikuwa ya jamii ya protini. Insulini, iliyopatikana Toronto mwaka 1921, nayo ni ya jamii hiyo, ina asidi amino 51. Yule binti hakuwa akibuni hewani. Alikuwa akiichukua kanuni aliyofundishwa upande mmoja wa maisha na kuipima upande wa pili. Ndivyo sayansi inavyoendeshwa, na ndivyo nilivyokuwa nikihubiri darasani kila siku.

Kwa mimea, njia ilikuwa nyingine. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza mwaka 1880 jinsi ncha ya mche inavyohisi mwanga na kupeleka habari chini, ukaupinda mche. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went akakionyesha kitu kinachobeba habari hiyo, nacho ndicho auksini.

Homoni iliyofuata ilitoka kwenye jaruba la mpunga. Wakulima wa Japani walikuwa na ugonjwa walioupa jina bakanae, maana yake mche mpumbavu. Mche ulioshikwa na ugonjwa huo uliwapita wenzake wote kwa urefu, ukawa mwembamba na wenye rangi iliyofifia, kisha ukaanguka, au ukafa bila kuzaa kitu. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, aliyekuwa akifanya kazi Taiwan wakati kisiwa hicho kikitawaliwa na Japani, alikuza kuvu wa ugonjwa huo katika maji yenye chakula chake, akayachuja mpaka kuvu wote wakabaki nyuma, kisha akayatia yale maji matupu kwenye miche mizima. Miche ikarefuka vile vile. Kumbe kuvu alikuwa akitengeneza dawa ya kurefusha! Teijiro Yabuta akaipa jina la jiberelini mwaka 1935, na mwaka 1938 yeye na Yusuke Sumiki wakaipata katika hali ya chembe safi. Kisha vita vikaja, na habari hizo hazikuenea sana nje ya Japani mpaka miaka ya 1950. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba hata mimea mizima huitengeneza jiberelini yenyewe kwa kipimo chake.

Jambo hili lina uhusiano na sahani zetu. Mwaka 1966 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kule Los Baños, Ufilipino, kilitoa aina iitwayo IR8, mpunga mfupi usiolala hata ukibeba masuke mazito na kutiwa mbolea nyingi. Wakulima wa Kilombero wanaoipenda Supa kwa harufu yake wanajua maana ya mpunga kulala: mvua moja yenye upepo, na jasho la miezi mitano limo matopeni. Mwaka 2002 watafiti walieleza siri ya ule ufupi. Jeni moja imeharibika, na mmea unatengeneza jiberelini kidogo. Mwaka 2005, katika mpunga huo huo, kikapatikana kipokezi cha jiberelini, yaani pale homoni inapopokewa ndani ya seli.

Basi orodha ya watano ilikamilika kwa mtindo huo, mmoja baada ya mwingine, hadi miaka ya 1960. Ikaingia vitabuni, ikatoka vitabuni ikaingia vichwani mwetu sisi walimu, na vichwani mwetu ikageuka kuwa amri. Lakini nimekuja kujua kwamba hata mwaka ule wa 1983 nilipokata ile alama, orodha ilikuwa imekwisha kuvunjika. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walikuwa wametangaza umbo la brasinolidi, homoni iliyopatikana katika chavua. Haikuwa ya jamii ya protini, lakini ilikuwa ya sita. Mimi nilikuwa mlinzi wa lango ambalo ukuta wake ulikuwa umeanguka upande wa nyuma.

Homoni za peptidi zilichelewa kuonekana kwa sababu ni chache mno ndani ya mmea. Ukisaga majani ili kuzitafuta, unapata protini na kemikali za kila aina, na ile unayoitaka ni kama punje moja ya mchele katika gunia la pumba. Yalihitajika maswali mazuri na subira kubwa.

Swali la kwanza lilitoka kwa wadudu. Clarence Ryan, wa chuo kikuu cha jimbo la Washington, Marekani, alitangaza pamoja na mwenzake mwaka 1972 kwamba mdudu akitafuna jani moja la mnyanya, hata majani mengine ambayo hayakuguswa huanza kutengeneza kemikali za kumvuruga mdudu tumbo. Jani moja limeumia, mengine yamejuaje? Ryan alilifuata swali hilo kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1991 yeye, Gregory Pearce na wenzao wakaijulisha dunia jibu: peptidi ya asidi amino 18, waliyoiita sistemini. Hiyo ikawa homoni ya kwanza ya jamii ya protini kupatikana katika mmea. Nasema tena, mwaka 1991. Yule binti alikuwa amewatangulia kwa miaka minane, katika karatasi ya mtihani, na nikamkata alama.

Swali la pili lilitoka kwenye chupa za maabara. Ukizitenganisha seli za mmea na kuziweka chache katika maji ya chakula, hazigawanyiki. Zinakaa tu. Ukiziweka nyingi, zinagawanyika vizuri. Tena ukichukua maji yaliyokaliwa na seli nyingi, ukayachuja na kuwapa zile chache, nazo zinaanza kugawanyika. Mbinu hii ni ile ile ya Kurosawa: ondoa kiumbe, bakiza maji yake, uone maji yanasema nini. Mwaka 1996 Yoshikatsu Matsubayashi na Youji Sakagami, kule Nagoya, Japani, walikipata kilichokuwamo katika maji yale. Walikitoa katika seli za asparagasi, nacho kilikuwa peptidi ya asidi amino tano tu, wakaiita fitosulfokini. Shanga tano! Insulini ina 51. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba peptidi hiyo hiyo huzichochea seli za mpunga zigawanyike na kuongezeka, na kwamba kwenye utando wa seli za mpunga mna mahali pake maalumu pa kushika. Mwaka 1999 jeni inayoitengeneza ikapatikana, na ilipatikana katika mpunga.

Hapa nieleze kidogo kazi yenyewe inavyokwenda, kwa lugha ya nyumbani. Jeni ile ya mpunga haitengenezi shanga tano. Inatengeneza mnyororo wa shanga 89. Mwanzoni mwa mnyororo kuna kipande kinachotumika kama hati ya kutokea, kinachoupeleka mnyororo nje ya seli. Vimeng'enya huukata mnyororo huo, na kipande kifupi cha shanga tano, kilichokuwa karibu na mwisho, ndicho kinachobaki kuwa homoni. Kisha homoni hiyo inakwenda kwa seli jirani. Jiberelini ni mgeni wa ndani, anayepita mlango na kupokewa chumbani. Peptidi haifanyi hivyo. Inaishia barazani na kupiga hodi. Kwenye utando wa nje wa seli pana kipokezi chake, na kipokezi kikisha kuishika, upande wake wa ndani ndio unaopeleka habari mpaka kwenye jeni: gawanyikeni, au acheni kugawanyika; refukeni, au komeni hapo. Peptidi yenyewe haikuingia ndani hata kidogo.

Katika mpunga, amri ya "komeni hapo" ina umuhimu mkubwa. Kwenye ncha ya kila chipukizi na kila ua changa mna kundi dogo la seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Nyingine zitakuwa jani, nyingine stameni, nyingine punje. Kundi hilo likipungua mno, mmea unadumaa. Likizidi mno, ua linaharibika. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti, moja la Japani na jingine la China, yalieleza jeni moja ya mpunga, kundi moja likiiita FON2 na jingine FON4, inayotengeneza peptidi ya kulizuia kundi hilo lisivimbe. Ua la mpunga mzima lina stameni sita. Jeni hiyo ikiharibika, stameni zinaongezeka, na sehemu ya kike ya ua nayo inazidi kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo peptidi hii ni kama mzee wa kaya. Hajengi chochote, lakini bila neno lake kila mtu anajenga apendapo.

Lakini jambo lililonigusa zaidi katika kusoma kwangu ni lile la ndevu za mpunga, kwa kuwa hilo nililishika kwa mikono yangu kabla sijajua kusoma.

Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi yetu watoto msimu wa masuke ilikuwa kuamia ndege. Tulishinda juu ya dungu tukipiga makopo na kurusha mawe kwa teo tangu alfajiri hadi magharibi. Mle shambani, na hasa kandokando ya maji, uliota mpunga pori. Ukiwa mchanga huwezi kuutenga na mpunga wetu kwa macho ya haraka. Ukitoa masuke, unajitambulisha wenyewe: kila punje ina unywele mrefu mgumu kwenye ncha yake, nasi tuliuita ndevu. Ndevu zile zilichoma vidole, zilinasa katika nguo, na punje zake zilipukutika kabla hujafika na kisu. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliung'oa na kuutupa akisema, "Huu ni wa ndege." Wakati wa kuvuna alipita kwanza peke yake, akachagua masuke makubwa, yaliyojaa, yasiyo na ndevu, akayafunga mafungu na kuyatundika juu ya meko yapate moshi. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Hakuna bwana shamba aliyemfundisha. Alifundishwa na mama yake.

Mpunga pori wa kwetu si mzazi wa mpunga tunaoulima. Mpunga wetu mwingi ni wa Asia, na mzazi wake ni mpunga pori wa huko, nao una ndevu vile vile. Kwa mmea wa porini ndevu ni mali: zinamzuia mnyama asile punje, zinaisaidia punje kusafiri na kuzama ardhini. Kwa mkulima ni karaha, tangu kuvuna, kupura, hadi kuweka ghalani. Mwaka 2016 watafiti wa Japani na wa China, kila kundi kwa njia yake, walitangaza kwamba mojawapo ya jeni za ndevu ni jeni ya peptidi. Wajapani waliiita RAE2, Wachina wakaiita GAD1. Katika mpunga pori wa Asia jeni hiyo hutoa peptidi iliyo nzima, nayo huamuru ncha ya punje irefuke kuwa ndevu. Katika aina nyingi za mpunga unaolimwa, jeni hiyo ina kasoro. Mnyororo wake umevurugika, umbo lake halikunjiki sawasawa, na amri haifiki. Punje inabaki bila ndevu.

Si hilo tu. Kundi la China lilionyesha kwamba peptidi ile nzima, pamoja na kuleta ndevu, hulifanya suke liwe na punje ndefu lakini chache. Kwa hiyo mkulima wa kale aliyechagua suke lisilo na ndevu kwa ajili ya kunusuru vidole vyake, alikuwa hapo hapo akichagua suke lenye punje nyingi zaidi. Maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajalijua neno peptidi, akina mama na akina baba wa Asia walikuwa wakichagua, kwa kisu na kwa jicho, jeni iliyonyamazisha homoni moja. Mpunga huo ndio uliovuka Bahari ya Hindi. Wanaakiolojia wamekuta punje zake zilizoungua katika magofu ya kale ya Pemba, na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wenye samli.

Afrika nayo ina mpunga wake. Huko Afrika Magharibi, katika nchi za mto Niger, wakulima waliufuga mpunga wa Kiafrika, Oryza glaberrima, kutokana na mpunga pori wa hapo hapo, kiasi cha miaka 3,000 iliyopita. Nao waliondoa ndevu. Lakini mwaka 2023 watafiti walieleza kwamba katika mpunga huo ile jeni ya peptidi ingali nzima. Kilichoharibika ni jeni nyingine kabisa, waliyoiita RAE3. Kwa maneno mengine, mkulima wa Kiafrika hakungoja kufundishwa na mtu wa Asia. Alitaka jambo lile lile, akalipata kwa mlango mwingine. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka mama yangu na mafungu yake ya masuke juu ya meko, na kicheko changu cha ofisini kikanirudi kooni.

Kuhusu swali langu la basi, nalo lina jibu. Ni kweli peptidi nyingi za mmea hazisafiri mbali. Zinapiga hodi kwa jirani tu. Hata sistemini, ilikuja kuonekana kwamba yenyewe huanzisha ujumbe, na unaousafirisha mbali zaidi ni msaada wa kemikali nyingine iitwayo jasimonati. Hapo naweza kujitetea kidogo. Lakini mwaka 2014 Matsubayashi, yule yule wa shanga tano, alionyesha pamoja na wenzake kwamba mzizi ukikosa naitrojeni upande mmoja, hutuma peptidi juu kwenye majani kwa njia ya zailemu, mishipa ile ile inayopandisha maji. Majani nayo hujibu, na mizizi ya upande wenye naitrojeni huanza kuifyonza kwa bidii zaidi. Zailemu niliifundisha kwa miaka yote ile. Nilichora mchoro wake ubaoni kwa chaki za rangi. Basi lilikuwapo, limesimama mbele yangu, na mimi nikauliza liko wapi.

Na kazi hii haijaisha. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza na wa kile kituo cha Ufilipino walieleza majaribio ya mpunga uliofanywa utengeneze kwa wingi zaidi peptidi inayopunguza idadi ya stomata, vile vitundu vya majani vinavyopumulia. Mpunga huo ulitumia maji machache na ulistahimili ukame vizuri zaidi kuliko wenzake. Mkulima anayetazama mawingu yakipita juu ya bonde bila kunyesha atajua kwa nini jambo kama hilo si la maabara peke yake.

Mambo haya niliyajuaje? Mwaka 2019 mjukuu wangu anayesomea kilimo Morogoro alikuja likizo. Kwa mazoea yangu ya ukufunzi nikamtahini, "Taja homoni za mimea." Akasema, "Zote, Babu? Hizo zimekuwa nyingi. Na za peptidi nizitaje?" Nikataka kucheka. Kabla kicheko hakijatoka nikaiona ile karatasi ya 1983, na mstari wangu mwekundu. Nikamwambia, "Keti. Nifundishe." Kwa miaka miwili iliyofuata alinichapishia makala na kunifafanulia, nami nikasoma polepole kwa miwani yangu.

Mwaka 2021 nikaona haitoshi kujua. Niliuliza kwa walimu wa zamani, nikaelekezwa, nikapanda basi hadi kijijini kwa yule mwanachuo wangu. Naye alikuwa amestaafu, baada ya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alinipokea kwa heshima. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, kama vile miaka thelathini na minane haikupita. Akaandaa wali na samaki wa mtoni. Nikamweleza safari yangu: karatasi, alama, sistemini, mpunga, ndevu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Alama siikumbuki, Mwalimu," alisema. "Nakumbuka kicheko."

Nikanyamaza. Akaendelea, bila hasira, kama anayesimulia habari za mtu mwingine: "Mimi sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa nawaza tu. Lakini tangu siku ile sikunyoosha mkono tena darasani mpaka nikamaliza chuo. Ungesema tu kwamba hujui, ningekwenda kutafuta mwenyewe."

Nikamwambia, "Niwie radhi, Mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akatabasamu, akasema, "Yamepita hayo. Kula, wali unapoa."

Nimesimulia haya kwa ajili ya walimu vijana. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi tumelining'iniza neno hilo katika kuta za madarasa. Hatukulining'iniza katika ofisi zetu. Kosa langu la mwaka 1983 halikuwa kutojua peptidi za mimea, kwa maana wakati ule hakuna aliyezijua. Kosa langu lilikuwa kuchukua mwisho wa kitabu changu nikaufanya mwisho wa elimu, kisha nikaulinda kwa dhihaka. Kurosawa aliuliza maji yaliyochujwa yana nini. Ryan aliuliza jani zima limejuaje habari za jani lililoliwa. Mama yangu aliuliza suke lipi litamlisha mwakani. Wote hao walikuwa na nafasi ya kuuliza. Yule binti alikuwa nayo kwa siku moja, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Lau ningerudishiwa karatasi ile, nisingekuwa na mengi ya kufanya. Ningempa alama yake, na pembeni, kwa wino ule ule mwekundu, ningeandika: "Sijui. Tutafute."